Mwamshaji wa Duryea Hill

Miaka ishirini na miwili treni ya juu iliishia Duryea Hill, na watu wa mtaa huo walijivunia jambo hilo kuliko wengine wanavyojivunia kanisa lao. Brooklyn nzima ilijaa vituo ambavyo treni inasimama, inashusha, inapakia na kwenda zake. Hapo kwao treni ilifika ikakoma. Reli zenyewe zilikoma, huko juu ya nguzo za chuma, kwenye gogo nene lililopakwa rangi nyekundu. Baada ya gogo kulikuwa na hewa tupu, na chini ya hewa kulikuwa na mashamba ya kabichi ya Wajerumani.

Kituo kilifunguliwa mwaka 1893. Kilikuwa cha mbao, chenye paa la bati, urembo wa vyuma ambao hakuna aliyeuomba, na ngazi arobaini na nane kutoka barabarani. Miaka ya mwanzo treni zilivutwa na vichwa vidogo vya mvuke vilivyodondosha mafuta na cheche kwenye kofia za wapita njia, na mwanamke aliyeanika shuka asubuhi alianua kitu kingine kabisa jioni. Mwaka wa pili ng'ombe wa mzee Brandt alizipanda ngazi zote arobaini na nane bila kutumwa na mtu. Ng'ombe kupanda ngazi anapanda. Kushuka ndiko hataki. Alikaa jukwaani siku mbili, akakamuliwa hapo hapo, na abiria wakanywa maziwa wakisubiri treni. Halafu ukaja umeme, moshi ukaondoka, shuka zikabaki nyeupe, na nyumba za ghorofa zikaota pande zote mbili za reli mpaka madirisha ya ghorofa ya tatu yakawa yanatazamana na jukwaa.

Yote hayo Malachy Tierney aliyaona kwa macho yake, kwa sababu alikuwepo tangu siku ya kwanza, kijana wa Kiairishi aliyevaa koti la kampuni lililompwaya. Mwaka huu wa 1915 koti lilikuwa linambana. Kwenye vitabu vya kampuni cheo chake kilikuwa mtu wa jukwaa: kuhakikisha treni imebaki tupu kabla haijageuza, kisha kutoa sauti ya kuondoka. Kwa watu wa mtaa alikuwa mwamshaji, na sidhani kama kuna kampuni iliyowahi kutoa cheo kikubwa kuliko hicho.

Maana kuishi mwisho wa reli kulikuwa na neema mbili. Asubuhi treni ilianza tupu, kwa hiyo kila mtu alikuwa na kiti chake, na ole wake mgeni aliyekalia kiti cha mjane Kunz. Jioni watu walilala. Mtu alipanda kule Manhattan amechoka hoi, akaegemea dirisha, akafumba macho kabla ya daraja, akalala fofofo dakika arobaini bila wasiwasi wowote, kwa sababu treni haikuwa na pa kumpeleka zaidi ya nyumbani. Ikifika, Malachy alipita behewa kwa behewa. "Mwisho wa njia, Duryea Hill, tokeni wote," aliita kwa sauti ya kuvuta, na kwa wengi hiyo ilitosha. Waliobaki aliwajua mmoja mmoja. Kinyozi Carbone aliamka ukimtajia supu. Mjane Kunz hakutaka kuguswa. Ulikohoa mara mbili karibu yake, kwa heshima. Ndugu wawili mafundi bomba, uliamsha mkubwa, naye akampiga mdogo kiwiko. Na Pinchas Zelnik, mkata vitambaa, Myahudi mwembamba aliyelala na kofia usoni, uliinyanyua ile kofia taratibu ukamwekea gotini. Alifumbua macho akasema, "Tumefika, Bwana Tierney?"

"Tumefika, Bwana Zelnik."

"Basi tushuke."

Miaka tisa waliambiana maneno hayo hayo kila jioni na hakuna aliyeona upungufu, ingawa waliishi jengo moja, Zelnik ghorofa ya tatu, Malachy ya pili.

Sasa kampuni ikaja ikaling'oa gogo jekundu. Miezi tisa nyundo zililia, nguzo zikasimamishwa katikati ya kabichi, na reli zikasonga mbele dakika kumi na mbili nyingine hadi mahali palipoitwa Belmoor. Jina hilo walilibuni wauza viwanja. Wajerumani waliolima hapo walikuwa wakipaita shambani.

Jumatatu ya wiki ya ufunguzi, mkaguzi wa njia, Bwana Haverkamp, alizipanda ngazi akihema. Alikuwa mtu mnene, nadhifu, mwenye saa mbili, moja ya mfukoni na moja ya kuisahihisha ile ya mfukoni.

"Kuanzia Ijumaa mchana," alisema, "hiki ni kituo cha kupita. Treni itasimama nusu dakika. Kituo cha kupita hakina mtu wa jukwaa. Jumatatu utaripoti yadi ya makaa, Coney Island."

"Makaa, bwana?"

"Kuyalinda. Hutapata shida, makaa hayasinzii."

"Na hawa wanaosinzia?"

"Wataamka."

"Huwajui, bwana. Mjane Kunz, kwa mfano, ukimgusa tu..."

"Bwana Tierney. Ijumaa simama pale, mikono nyuma. Usiingie kwenye behewa, usimguse abiria, usiicheleweshe treni. Kampuni inauza safari. Usingizi wanakuja nao wenyewe kutoka kwao."

Malachy aliitikia vizuri, akamsindikiza hadi ngazini, kisha akakaa kwenye benchi. Aliogopa. Hakuogopa kazi, wala baridi ya pwani. Aliogopa kuzeeka mahali ambapo kutwa nzima hatamjua mtu na hakuna mtu atakayemjua, yeye na lundo la makaa wakitazamana.

Nyumbani mkewe Delia alikuwa anamenya viazi. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuacha kumenya.

"Kwa hiyo umekuja kunililia mimi?"

"Silii."

"Basi futa macho na unisikilize. Umeambiwa usimwamshe mtu, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Mtii mkubwa wako. Maisha yako yote hujawahi kumtii mtu sawasawa, mimi nikiwa wa kwanza, kwa hiyo Ijumaa anza. Mikono nyuma. Waache wapite wamelala hivyo hivyo, treni nzima, wakaamkie kwenye makabichi. Halafu Jumamosi tuone nani atakuja kugonga mlango huo kuomba Malachy arudishwe."

"Watanichukia."

"Watamchukia Haverkamp. We si ulifungwa mikono?"

Malachy alilipima jambo hilo usiku mzima na kulipenda kila alipogeuka upande. Ulikuwa mpango mzuri kweli, na kama watu werevu wanavyofanya mara nyingi wanapopangia mambo jikoni, hakuna kati yao aliyejiuliza Ijumaa ni siku gani.

Si kwamba watu hawakujua. Matangazo yalibandikwa kila nguzo, na kila mtu aliapa kuwa Ijumaa hafumbi jicho. Carbone alisema atatafuna karafuu njia nzima. Mjane Kunz alisema yeye huwa halali, hupumzisha macho tu. Alhamisi jioni Zelnik alipowekewa kofia yake gotini aliongeza maneno kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa.

"Kesho nitakaa macho, Bwana Tierney. Ikibidi, nitasimama."

"Itakuwa vizuri, Bwana Zelnik," alijibu Malachy, akiangalia viatu vyake.

Ijumaa treni ya saa kumi na dakika ishirini alasiri iliingia kwa wakati. Malachy alisimama wima, mikono nyuma, kidole kimoja kimeshika kingine kwa nguvu. Madirisha yakampita mbele polepole, na katika kila dirisha kulikuwa na kichwa kimelala, vyote vimeinamia upande mmoja, kama kona ya mwisho ilivyovilaza. Carbone karafuu ilikuwa bado mdomoni. Mjane Kunz alikuwa anapumzisha macho na kukoroma. Wanne walikuwa macho, wakashuka haraka bila kuangalia nyuma. Na kwenye behewa la tatu, kiti cha dirishani, kulikuwa na kofia juu ya uso.

Malachy akajiuliza mkata vitambaa anatafuta nini kwenye treni ya mapema namna hii, na hao mafundi cherehani wote waliomzunguka. Kisha likamjia. Ilikuwa Ijumaa.

Sabato ya Zelnik inaingia Ijumaa hiyo hiyo jua likizama, na ikishaingia Zelnik hapandi chombo chochote, awe mgonjwa, awe amechoka vipi. Ndiyo maana Ijumaa karakana zao zinafungwa mapema na wanaiwahi treni hii. Akipelekwa Belmoor na treni ikakawia huko, atarudi kwa miguu, gizani, katikati ya mashamba, na mkewe Frume atakaa mezani mbele ya mishumaa akitega sikio ngazini. Na si yeye peke yake. Behewa zima.

Malachy aliyafikiria makaa. Sitamsingizia uungwana, aliyafikiria sekunde ishirini nzima, na treni ilikuwa na thelathini. Kondakta alishashika kamba ya kengele. Ndipo mikono ikamtoka mgongoni yenyewe, akaruka ndani ya behewa la tatu, na kwa kuwa mdomo nao ulishazoea, ukatoa yale yale ya siku zote: "Mwisho wa njia, Duryea Hill, tokeni wote."

Watu wakaamka. Wakachukua vikapu, wakafunga vifungo, wakapanga foleni mlangoni kama kawaida yao, na wote pamoja wakaona jukwaa linawapita, halafu ngazi, halafu jengo lao wenyewe na nguo zao kwenye kamba.

"Tierney," alisema mjane Kunz, "kituo kinakwenda wapi?"

"Kimebaki pale pale, mama. Sisi ndo tunakwenda."

Malachy alimwendea Zelnik, akanyanyua kofia, akaiweka gotini. Macho yakafumbuka.

"Tumefika, Bwana Tierney?"

"Tumepita, Bwana Zelnik."

Zelnik aligeuka akaangalia dirishani, ambako jua lilikuwa limeshaanza kuwa la rangi ya machungwa. Hakufoka. Ingekuwa nafuu kama angefoka.

"Inarudi saa ngapi?"

"Kwa ratiba, saa kumi na dakika hamsini."

"Basi tutawahi."

"Kwa ratiba," alirudia Malachy, ambaye alimjua Haverkamp.

Belmoor kulikuwa na bendera, utepe, wapiga tarumbeta wanne na mpiga ngoma mmoja. Kulikuwa na muuza viwanja mwenye ramani, na mwandishi wa gazeti aliyekuwa amechoka kuchora kabichi kwenye daftari lake. Tangu mchana treni zilikuwa zimeleta wageni watatu na mbwa, na mmoja wa hao watatu alikuwa shemeji wa muuza viwanja. Haverkamp alikuwa amesimama kwenye jukwaa dogo na hotuba mkononi, uso umemshuka kabisa. Mara milango ikafunguka, wakamwagika watu sabini na zaidi, mbio mbio, wakigongana, kila mmoja akitaka kuona yuko wapi.

Uso wa Haverkamp ukafunguka kama mlango. "Karibuni," alisema. "Karibuni sana Belmoor. Taratibu jamani, pako pa kutosha." Tarumbeta zikalia.

Muuza viwanja alishamkamata Carbone mkono. "Bwana, naona umevutiwa. Ungependa upande upi?"

"Upande niliotoka," alisema Carbone.

Haverkamp alianza hotuba. Ilikuwa na kurasa kumi na moja na ilianzia kwa mtu wa kwanza aliyebuni gurudumu. Siku hiyo reli moja tu ndiyo ilikuwa tayari, kwa hiyo treni hiyo ndiyo pekee ya kurudi, na mtu wa jukwaa wa Belmoor, mwajiriwa wa tangu asubuhi, alikuwa ameambiwa asiiruhusu mpaka makofi yapigwe. Saa kumi na dakika hamsini ikafika, ikapita. Haverkamp alikuwa ukurasa wa tatu, gurudumu limefika Roma. Jua lilikuwa limekaa juu ya kabichi, kubwa, halina haraka, lakini halikusimama.

Mafundi cherehani walikusanyika pembeni mwa jukwaa wakinong'onezana ni umbali gani kwa miguu. Zelnik akatoka kati yao. Alisimama mbele ya Malachy, akaingiza mkono mfukoni, akatoa mkasi wake wa kazi, ufunguo wa nyumba na kitambaa cha pua.

"Nishikie hivi, Bwana Tierney. Tukianza kutembea, jua litatukuta njiani, na likishazama siruhusiwi kubeba kitu."

Malachy akavipokea. Nyuma ya Zelnik alikuja mwingine na utepe wake wa kupimia, na mwingine na vifungo, na mwingine, na mwingine, mikasi, funguo, miwani ya akiba, mpaka mifuko ya koti la kampuni ikavimba pande zote na Malachy akisogea analia kama sanduku la fundi. Hakuna aliyemlaumu. Walimkabidhi tu, kwa utulivu, kama vile ni jambo la kawaida kumwachia mtu wa jukwaa vyote ulivyo navyo. Hilo lilimuuma kuliko tusi. Akawaambia wasubiri kidogo.

Sasa, dereva wa treni ya juu haangalii nyuma. Anangoja kengele. Kondakta naye anangoja sauti ya mtu wa jukwaa, na anayoijua masikioni mwake kwa miaka ni moja. Malachy alijaza kifua hewa mpaka kifungo kikakatika.

"Treni inaondoka. Duryea Hill na mjini, pandeni wote."

Watu wa Duryea Hill hawakuhitaji kuambiwa mara mbili. Waliingia kama walivyotoka. Mwandishi wa gazeti aliingia kwa sababu wengine wameingia. Wapiga tarumbeta waliingia wakipuliza bado, na mpiga ngoma akapitisha ngoma kwanza. Kondakta akavuta kamba. Haverkamp alikuwa anasema "na ndipo, wapendwa wasikilizaji," akanyanyua macho kutoka ukurasa wa tano, akamwona muuza viwanja, mtu wa jukwaa mwenye utepe, na mbwa. Alikimbia. Kwa mwili ule hakuna aliyetegemea, lakini alikimbia, akalidaka behewa la mwisho.

Iliwachukua dakika kadhaa, yeye na pumzi zake, kufika behewa la tatu. Njiani alimpita mwandishi wa gazeti, ambaye alikuwa amekaa na mjane Kunz na daftari wazi.

"Kwa hiyo mama, ni nini kilikufanya uende kuitazama Belmoor siku ya kwanza kabisa?"

"Sikwenda," alisema mjane Kunz. "Nilipelekwa. Hata mimi sijui na nani."

Mwandishi akaandika. Haverkamp akaona anavyoandika, akaendelea mbele akiwa mwekundu zaidi.

"Tierney. Umeacha kituo chako."

"Ndiyo, bwana."

"Umeingia kwenye behewa. Umegusa abiria."

"Kofia tu, bwana."

"Umeiondoa treni yangu. Nikiwa ukurasa wa tano."

"Sikujua ni ukurasa wa ngapi, bwana. Nilijua ni saa ngapi." Alipoinamisha kichwa mikasi ililia mifukoni. "Jumatatu nitakwenda kwenye makaa. Au nyumbani, utakavyosema. Ila hawa wana Sabato yao."

Haverkamp alitaka kusema neno kubwa, akakosa mtu wa kulisikia. Behewa lilikuwa na joto, wiki ilikuwa ndefu, wasiwasi ulishawatoka, na treni ilikuwa inarudi nyumbani. Nusu ya abiria walikuwa wamelala tena.

"Hii ni nini?" aliuliza.

"Ndivyo walivyo, bwana."

"Upuuzi. Kumwamsha mtu ni kazi? Kondakta atatangaza, basi. Angalia." Haverkamp akakohoa, akajiweka sawa, na kwa sauti yake ya hotuba akanguruma, "Duryea Hill."

Hakuna kope iliyotikisika. Akarudia. Mmoja wa mafundi bomba akageukia upande wa pili. Kituo kilikuwa kinaonekana sasa, na Haverkamp, akiona mwandishi naye amesimama kutazama, alimshika mjane Kunz bega akamtikisa. Mjane Kunz alimtandika kikapu cha vitunguu bila kufumbua macho, akaendelea kupumzika.

"Niruhusu, bwana," alisema Malachy.

Akapita. Akakohoa mara mbili kwa mjane, kwa heshima. Akataja supu. Akamgusa fundi bomba mkubwa na kumwachia mdogo. Kwa mafundi cherehani alisema tu, "Jua bado lipo, mabwana," wakasimama wote kwa mpigo. Treni ilisimama, na kadiri walivyoshuka, kila mmoja alichomoa mfukoni mwa Malachy kilicho chake. Zelnik alichukua mkasi, ufunguo na kitambaa, akasema, "Basi tushuke," akazishuka ngazi arobaini na nane kama mtu wa miaka ishirini. Mwandishi aliangalia saa. Ilikuwa saa kumi na moja na dakika sita, na jua lilikuwa limegusa mapaa tu.

Haverkamp alibaki jukwaani, anatoa ganda la kitunguu kwenye kola.

"Wako hivi kila siku?"

"Leo wamelala kidogo, bwana. Walikuwa wameapa."

Haverkamp alitoa saa moja, akailinganisha na nyingine, akazirudisha zote. Alikuwa mtu wa kanuni, lakini hakuwa mjinga, na alishaona akilini kila jioni watu sabini wenye hasira wakiteremshwa kwenye makabichi yake.

"Nafasi ya hapa imefutwa, siwezi kuifufua. Iliyopo ni ya Belmoor. Yule wa leo nitampa makaa. Treni imemtoka mbele ya pua. Kuanzia Jumatatu, kwa vitabu, wewe ndiye mtu wa jukwaa wa Belmoor."

"Belmoor," alisema Malachy, na roho ikamshuka.

"Ila Belmoor hakuna wa kuamsha. Kuna mbwa. Kwa hiyo jioni utakuwa unapandia kituo kimoja kabla ya hapa, na treni ikiingia hapa nataka macho yote yawe wazi. Nusu dakika, Tierney."

"Dakika moja, bwana. Mjane Kunz haharakishwi."

Haverkamp alipapasa shavu, pale kikapu kilipompata. "Dakika moja," alisema.

Delia alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Jengo zima lilishajua.

"Nilikwambia nini? Mikono nyuma. Ni kitu gani kigumu hapo?"

"Ilikuwa Ijumaa, Delia."

Delia alitazama dari, ambako huko juu miguu ya Zelnik ilikuwa inasikika ikitembea huku na huko, na viti vinavutwa. "Ee Mungu wangu," alisema taratibu. "Ijumaa." Kisha akamvua koti, akaona kifungo hakipo, akaanza kumgombeza juu ya kifungo, na akampakulia viazi vingi kuliko kawaida.

Kesho yake asubuhi Malachy alipanda ghorofa ya tatu. Siku ya Sabato Zelnik hawashi moto, na katika jengo hilo ilikuwa kawaida ya miaka kwamba Jumamosi Tierney huja kuwasha jiko la jirani zake, hupewa kipande cha mkate wao wa mayai, na kurudi kwake. Alipiga magoti mbele ya jiko, akapanga vijiti. Frume aliweka mkate mezani kama kawaida. Zelnik, ambaye kawaida husalimu tu, alivuta kiti akakaa karibu.

"Nimesikia umebaki," alisema.

"Nimebaki. Kwa vitabu niko Belmoor, lakini nimebaki."

"Vizuri." Alitazama vijiti vikishika moto. "Nikwambie kitu, Bwana Tierney. Kule nilikozaliwa, kwenye treni hatulali. Mtu anakaa macho, mzigo katikati ya miguu, anaangalia mlango. Baba yangu hivyo, na mimi hivyo. Nimefika nchi hii nina miaka thelathini na nne, nilikuwa sijawahi kulala mbele ya mtu asiye ndugu yangu. Siku ya kwanza nilipolala kwenye treni yako, Frume alidhani naumwa. Alinipikia kuku."

"Nilimpikia kuku," alisema Frume kutoka mezani.

"Ni treni ya kampuni," alisema Malachy.

"Ya kampuni mimi siijui," alisema Zelnik.

Malachy aliinama akapuliza jiko, akapuliza tena, na ingawa moto ulikuwa umeshashika vizuri, na Frume aliona hivyo, na Zelnik pia, wote wawili walimwacha aendelee kupuliza.